Tundu Nyuma ya Pazia la Muzee Zihindula

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa moto ulio ndani ya Nyiragongo, kwamba habari hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mimi si mutu wa kuongeza chumvi. Lava ya mwaka 2002 ilipopita mbele ya mlango wetu, majirani walisema ilikimbia kama lori lisilo na breki. Mimi nilisema nilichokiona tu: ilikuja polepole, ikasimama, ikanisalimia kwa heshima, ikaendelea na safari yake kuelekea ziwani. Kwa hiyo jueni mnaongea na mutu wa namna gani.

Haya niliyashuhudia mwezi wa tano, mwaka 2022. Mlima ulikuwa umetimiza mwaka mmoja tangu ututapikie tena, na waasi walikuwa wamefika Kibumba, juu kidogo ya mji. Vioo vya madirisha vilitetema mara tatu au nne kwa siku, na kila mara watu walinyamaza katikati ya sentensi, wakaulizana kwa macho kama ni mlima ao ni mizinga. Hakuna aliyelala na viatu mbali na kitanda.

Mimi nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu katika bureau moja ya kukagua majengo. Kazi yangu ilikuwa kusimamia kanuni za kubadilisha vipande vya klimatizeri katika nyumba za watu. Msicheke. Goma ni mji wa baridi, ndiyo, lakini tangu volkano ile, wenye uwezo walikuwa wameziba madirisha yao kwa kuogopa hewa ya chini ya ardhi, na aliyeziba madirisha anataka mashine ya kumpoza.

Inspekta Kahambu wa polisi aliingia bureau yangu saa mbili asubuhi bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mfupi, mwenye tabia ya kutazama sakafu ya nyumba kabla ya kumtazama mwenye nyumba.

"Jambo, papa Grégoire."

"Jambo sana, mama inspekta. Kuko nini?"

"Kuko mutu amekufa, na kuko mwingine atakufa leo. Beba carnet ya kuandikia. Mwandishi wangu amekimbilia Bukavu na familia yake, wewe utaandika."

"Mimi niko mutu ya majengo, mama."

"Njo maana nimekuya kwako."

Njiani, tukiwa tumebanana kwenye moto, pikipiki kama tunavyoiita sisi, alinieleza akiwa mbele na mimi nyuma. Muzee Zihindula, mfanyabiashara wa mbao, alikufa siku ya Mungu baada ya misa, katika usingizi wa mchana, kwenye chumba chake cha juu huko Katindo. Mpishi wake, mjane wa Rutshuru aitwaye Uwamariya, alimpelekea chai saa tisa. Saa kumi na moja alirudi kuchukua kikombe, akamkuta maiti. Mtoto wa dada ya marehemu, Guylain, akasema ni karuho, ile sumu ambayo kila mtu wa Kivu anaiogopa na hakuna aliyeiona. Na kwa kuwa Uwamariya alikuwa ametoka kumzika mama yake kule juu, upande walioushika waasi, kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umeshasema kwamba alitumwa, naye amefungwa polisi.

"Saa sita kamili jeep ya jeshi inakuya kumutoa kwenye posti ya polisi, imupeleke kwa auditeur," alisema Kahambu. Tulikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na raia walihukumiwa na wanajeshi; auditeur ndiye mwendesha mashtaka wao.

"Basi atajitetea kule."

"Ule mufungwa wa wiki iliyopita, jeep yake ilisimamishwa njiani na batu wenye pneu, tairi za kuchomea mutu. Hakufika kwa kujitetea."

Mbele yetu mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara na godoro kichwani, akielekea mahali ambapo yeye mwenyewe pengine hakupajua.

Nyumba ya muzee Zihindula ilikuwa ya ghorofa moja, ukuta wa mawe meusi ya volkano, karibu na kambi ya wanajeshi. Mlinzi wake, Ntirenganya, mzee mwenye koti la mvua lililomzidi, alitufungulia. Guylain alikuwa barazani, kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu.

"Mama inspekta, kazi imeisha," alisema. "Ule mwanamuke anajulikana."

"Anajulikana na nani?"

"Na kila mutu."

"Kila mutu sitamukuta leo. Nitaanza na mulinzi."

Alimsimamisha Ntirenganya kando ya bomba la maji.

"Chai ya muzee ilikuwa ndani ya nini?"

"Ndani ya thermos, mama."

"Thermos iko wapi?"

"Nimeiosha."

"Mulinzi wa mulango anaosha vyombo tangu lini?"

Ntirenganya akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kama mtu anayeondoka.

"Muzee alikunywa kikombe kimoja," alisema mwishowe. "Ile iliyobaki niliimaliza mimi. Na mukate. Kila siku ya Mungu ninamaliza. Muzee hakujua."

"Uliimaliza mbele ya kujua amekufa, ao nyuma?"

"Mbele. Saa moja mbele."

"Na tumbo lako?"

"Tumbo iko muzuri, mama. Ni moyo njo inaniuma. Ningesema, bangesema tulikuwa wawili."

"Anadanganya," Guylain alisema kutoka barazani.

Kahambu hakugeuka. "Mutu anadanganya ili asifungwe. Huyu anasema kitu ya kumufungisha. Papa Grégoire, andika."

Nikaandika.

Tulipanda ngazi. Mimi nilizipanda nikishika ukuta kwa mikono miwili, nikiongea juu ya rangi yake, kwamba ni rangi nzuri. Chumba cha marehemu kilikuwa na giza. Madirisha mawili yalikuwa yamefungwa pande zote kwa utepe wa kahawia wa kufungia makatoni, na chini ya mlango kulikuwa na blanketi lililokunjwa.

"Nani alifunga hivi?"

"Muzee mwenyewe," alijibu Guylain. "Tangu volkano. Alikuwa anaogopa mazuku."

Kwa asiye wa kwetu: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu. Inalala katika mashimo na mabonde, na mbuzi anayeingia humo hatoki. Upande wa Mugunga watu wanaweka vijiti vyekundu pale ilipo. Na majirani ambao hawakusema karuho walikuwa wamesema mazuku.

Kahambu aliwasha mshumaa, akauteremsha mpaka sakafuni. Akauburuta kwenye kona zote nne, chini ya kitanda, nyuma ya kabati. Mwali haukuyumba.

"Kuku wenu wanalala wapi?" alimuuliza Ntirenganya, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kule chini, kwenye shimo ya lava. Wote bazima."

"Mazuku haipandi ngazi ikaacha kuku chini." Alizima mshumaa kwa vidole. "Nimetoka morgue kumuangalia muzee. Kucha za muzee ni nyekundu, na midomo. Mutu wa karuho haonekani hivyo, na mutu wa mazuku vilevile. Munganga wa hospitali aliniambia damu yake ilikuwa nyekundu ya kupita kiasi, lakini hana mashine ya kupima. Papa, hii klimatizeri inasema nini?"

Hapo nikapata nguvu. Kipande cha ndani kilikuwa kikubwa, cha zamani, kimegeuka njano kama jino la mvuta tumbaku. Kupitia upenyo wa dirisha kipande cha nje kilionekana: kidogo, cheupe, kipya.

"Walibadilisha ya nje, wakaacha ya ndani," nilisema. "Majivu ya volkano yamekula nyingi za nje. Lakini kanuni iko wazi, mama. Ukibadilisha cha nje, cha ndani kipatane nacho. Bomba za zamani zikitolewa, tundu lake lizibwe kwa simenti siku ileile, pande mbili za ukuta. Mashine yoyote ya moshi isikae karibu na ukuta huo. Halafu mutu wa bureau apande, aone kwa macho yake mawili, njo asaini."

Niliyasema kama padri anayesoma injili. Nilipenda sana kanuni zile.

"Bomba hizi mpya ni nyembamba," alisema Kahambu. "Zinapita hapa. Zile nene zilipita wapi?"

Hakungoja jibu. Alivuta pazia zito lililokuwa upande wa kichwa cha kitanda. Nyuma yake kulikuwa na tundu la mviringo, upana wa kikombe. Kipande cha kartoni kililegea kwenye mdomo wa tundu, kimeshikwa na utepe uliochoka. Kahambu aliweka kiganja chake pale.

"Inapumua," alisema.

"Labda ni panya," nilisema mimi.

Alinitazama kidogo, akatoka.

Chini ya tundu, nje, ukuta ulikuwa umejengewa kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma na kufuli. Hakikuwa na dirisha. Juu, kati ya mabati na ukuta, kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja, nayo ilikuwa nyeusi kwa masizi. Masizi yalipanda ukutani kama ulimi hadi kwenye tundu.

"Fungua."

Guylain alifungua. Ndani kulikuwa na jenereta.

"Ilikuwa hapa tangu lini?"

"Wiki mbili. Mbele ya hapo ilikuwa kule bustanini. Lakini milio ya risasi ilipoanza, muzee alisema batu ya kuiba watapita. Aliniambia nijenge, nikajenga." Sauti ya Guylain ilianza kupungua. "Siku ya Mungu courant ya umeme ilikatika saa nane. Mimi njo niliiwasha. Ili klimatizeri yake itembee. Nikaenda kwa marafiki."

Guylain akakaa chini, palepale kwenye mawe.

"Sijasema bado ni hiyo," Kahambu alimwambia, kwa upole ambao sikuutegemea. "Papa Ntirenganya, niletee kuku."

"Jogoo ao ya mayai?"

"Ya kupumua."

Tukamweka kuku ndani ya kikapu juu ya kitanda cha marehemu. Kahambu akarudisha blanketi chini ya mlango, pazia mahali pake, akamwambia Guylain awashe jenereta. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Tukakaa kwenye ngazi, sisi wanne, tukisikiliza mashine ikinguruma chini yetu.

Nimengoja mambo mengi katika maisha yangu. Sijawahi kungoja kuku afe, nikiomba afe.

Baada ya dakika kumi, mlipuko ulitokea upande wa kaskazini, wa kina, na ngazi ikatetemeka chini ya makalio yetu. Ntirenganya akafanya ishara ya msalaba. Ukaja wa pili, karibu zaidi. Kule kambini mtu alipiga filimbi na magari yakawashwa kwa pamoja. Guylain alisimama.

"Wamefika?"

"Kaa," alisema Kahambu.

Simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akaifunga.

"Ni kapiteni Julien wa posti. Jeep itakuya mapema, saa tano na nusu. Wanajeshi wanahitajiwa kule juu, hawataki kungoja sita. Na anasema batu wamekwisha kukusanyika mbele ya posti."

"Wangapi?" niliuliza.

"Hakuhesabu. Alisema wako na pneu mbili."

Tulingoja tena. Kahambu alikuwa na saa mkononi na hakuiondolea macho. Dakika thelathini zilipotimia alijifunga kitambaa puani, akavuta pumzi ndefu, akaingia. Tulisikia utepe wa dirisha ukichanika. Akatoka na kikapu, uso umemvimba kwa kuzuia pumzi, akakiweka miguuni mwetu.

Kuku alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Upanga wake wa kichwani ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Nilikuwa mutoto, Butembo," alisema Kahambu akihema. "Majirani walilala na mbabula, jiko ya makaa, ndani ya nyumba, sababu ya baridi. Asubuhi walikuwa wamekufa watano, wote bekundu hivi, kama wametoka kuoga maji ya moto. Kijiji kilitafuta mulozi wiki mbili. Moshi wa mbabula, moshi wa jenereta, ni kazi moja. Andika, papa."

Niliandika, na mistari ikapinda. Nilisema ni kwa sababu ya mizinga.

"Basi Uwamariya anatoka," Guylain alisema. Alikuwa analia bila kujificha. "Niende niwaambie."

"Bado. Auditeur ataniuliza: tundu liliachwa wazi na nani? Nisipokuwa na jina, atasema mupishi alilifungua mwenyewe. Nani alibadilisha mashine?"

"Aubin. Ule wa Ndosho, anayetengeneza frigo."

"Aubin?" nilisema haraka. "Huyo hatutamupata. Alihamia Gisenyi. Nilisikia hata kwamba alikufa."

"Alikufa na nini?" aliuliza Kahambu.

"Na lava. Ile ya mwaka jana. Alikuwa amerudi kuchukua tournevis yake ya skurubu."

Guylain alijifuta pua. "Papa, Aubin alikuya kutupa pole juzi. Alikula na maharagi."

Kahambu alimchukua kuku kwa miguu, akampa Guylain. "Wewe nenda posti na hii, pamoja na mulinzi. Simama mahali wanakuona. Ni wewe ulimushitaki, ni wewe utasema. Papa Grégoire, twende Ndosho."

Ndosho siku ile watu wote walitembea upande mmoja, kuelekea mjini, na sisi juu ya moto tulikwenda upande mwingine. Atelye ya Aubin ilikuwa banda la mbao lililozungukwa na mifupa ya frigo. Alikuwa hajafa. Alikuwa ameinama juu ya kompresa, akiimba.

"Wewe njo ulibadilisha klimatizeri ya muzee Zihindula?" aliuliza Kahambu.

"Ni mimi, mama. Mungu amurehemu."

"Tundu la zamani uliliziba na nini?"

Wimbo ulikwisha. "Na kartoni, mama. Kidogo tu, kungoja simenti. Simenti ilikuwa imekosekana, barabara ilikuwa imefungwa. Muzee alisema fundi wake wa ujenzi atamaliza."

"Kanuni inasema siku ileile."

"Ninaijua. Lakini mimi niko na karatasi." Akakimbilia kopo la maziwa lililokuwa juu ya rafu, akatoa humo karatasi iliyokunjwa mara nne. "Bureau ilipitisha. Iko na kashe ya muhuri na kila kitu. Kama kuko kosa, si yangu peke yangu."

Mimi nilikuwa nimepata sababu ya kwenda kutazama frigo moja ya kijani iliyokuwa mbali kidogo.

Kahambu aliisoma kwa sauti. "'Leo nimefika mahali pa kazi, nimepanda, nimeona kwa macho yangu kwamba tundu la zamani limezibwa kwa simenti ndani na nje, na hakuna mashine ya moshi karibu. Kazi inapatana na kanuni.' Imesainiwa..." Nilimsikia akiikunja ile karatasi, kisha akiikunjua. "Papa Grégoire. Kuya hapa."

Nikaja.

Alitazama kwanza viatu vyangu. Halafu akanitazama usoni.

"Iko na jina lako."

"Kuna ba Grégoire wengi, mama."

"Grégoire Habarurema, wa klimatizeri?"

"Papa," Aubin alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. "Si tulikula samaki pale kwa mama Élodie, ukasainia juu ya meza? Nilikuambia ngazi iko tayari. Ukasema ngazi zinakupa kizunguzungu, na kwamba wewe unanusa simenti kutoka mbali."

Ni kweli niliyasema hayo. Na siku ile nilimwambia pia kwamba nilishawahi kunusa simenti ya Bujumbura nikiwa Goma, upepo ukiwa mzuri.

"Mama inspekta," nilisema, "acha nikueleze jinsi ilivyokuwa. Siku ile mvua ilikuwa kubwa sana, na mimi nilikuwa njiani kabisa kwenda Katindo, mara kundi la ng'ombe kutoka Masisi, mia mbili, mia tatu..."

"Papa."

Nikaacha ng'ombe.

"Sikiliza muzuri. Iko saa tano na dakika kumi. Niko na kuku, na mulinzi aliyekunywa chai. Lakini karatasi hii, iliyo na kashe ya serikali, inasema tundu lilizibwa na hakuna moshi. Kama tundu lilizibwa, basi mutu alilifungua baadaye, na mutu aliyeingia chumba kile kila siku ni mupishi. Auditeur hataamini kuku. Ataamini kashe."

"Pasua karatasi," nilinong'ona. "Hakuna aliyeiona."

"Iko ya pili katika bureau yako, katika registre, lile daftari kubwa. Wewe mwenyewe uliiweka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa mutu wa registre safi.

"Mama, nimebakiza miezi saba."

"Uwamariya amebakiza dakika makumi mbili." Alinyoosha mkono, akaigusa carnet iliyokuwa kifuani pangu. "Wewe njo mwandishi. Andika."

Mizinga ilisikika tena, na kompresa ya Aubin ikagonga meza kidogo kidogo. Nilikaa juu ya frigo iliyolala. Nilipanga katika kichwa namna tatu tofauti za kuanza, zote nzuri, zote na mvua. Kahambu alisimama mbele yangu, haniharakishi. Mwisho niliandika haya, na ni mafupi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika:

*Mimi, Habarurema Grégoire, nilisaini kwamba niliona tundu limezibwa. Sikuliona. Sikufika. Nilikuwa mezani.*

Nikasaini. Aubin naye akasaini chini yangu, kuhusu kartoni yake. Kahambu alipuliza wino ukauke.

Mbele ya posti watu walikuwa wengi kuliko kwenye misa ya Pasaka, ila hakuna aliyeimba. Jeep ilikuwa inanguruma, imeegeshwa ikitazama barabara. Pneu ya kwanza niliiona mkononi mwa mwanamke mzee, anaishika kama anashika bakuli. Guylain alikuwa amepanda juu ya jiwe la lava karibu na lango, kuku ananing'inia mkononi mwake.

"Ni mimi," alikuwa anasema, sauti imekwisha kumkauka. "Ni mimi niliwasha. Uwamariya alileta chai tu. Mulinzi alikunywa ile chai, muulizeni, ni huyu. Muangalie kuku. Ni moshi."

"Alikulipa nani?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Ni mujomba yangu alikufa. Nani angenilipa?"

Walinung'unika. Hawakuondoka, lakini walitupa njia, na tulipita kati yao nikihisi pumzi zao shingoni. Mtu alinivuta koti, akaliachia.

Kapiteni Julien alisoma carnet akiwa amesimama, kofia mkononi, dereva wa jeep akimwangalia kwa kukosa subira. Alisoma mara mbili. Akafika kwenye ukurasa wangu.

"Habarurema ni nani?"

Niligeuka nyuma, nikatazama kama kuna Habarurema mwingine. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Nikainua mkono.

"Mutu amekufa, na karatasi iko yako," alisema kapiteni. "Na fundi yuko wapi?"

"Anakuya nyuma, na polisi wawili," alijibu Kahambu.

Kapiteni alitoka hadi kwenye jeep. Alisema na dereva kwa muda, akanyoosha carnet, akanyoosha kidole. Dereva alitema mate, akatia gia, na jeep ikaondoka tupu kuelekea kaskazini, ambako milipuko ilikuwa inaiita. Watu waliifuata kwa macho. Mwanamke mzee aliweka pneu yake chini, akaikalia.

"Fungua kachot," kapiteni alimwambia polisi. Kisha kwangu: "Papa, mukanda na kamba za viatu."

Posti ile ilikuwa na kachot moja tu, chumba cha hatua nne kwa tatu, kisicho na dirisha. Uwamariya alikuwa amesimama katikati, kitenge kimefungwa kifuani, mikono chini. Alisikia jeep ikiondoka na hakujua maana yake. Mdomo wake ulikuwa mweupe kwa kukauka. Kahambu alimwambia kwa maneno manne au matano. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Watu wako inje bado?"

"Bado. Utatoka na mimi, na Guylain atatembea mbele."

Ndipo akaniona, nimeshika suruali kwa mkono mmoja ili isianguke.

"Na huyu muzee?"

Kahambu aligeuka kunitazama. Aliniachia mimi.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na kizunguzungu tangu utoto, nilikuwa na simenti iliyokosekana, nilikuwa na barabara iliyofungwa.

"Tundu lililomuua muzee," nilisema, "mimi njo nilisaini kwamba limezibwa. Sikwenda kuona."

Nilijiandaa kwa tusi, hata kwa kofi, na nilikuwa nimekwisha kulikubali.

Uwamariya aliinama. Kwenye sakafu ya simenti kulikuwa na kartoni aliyokuwa amelalia siku tano, imelowa upande mmoja. Aliigeuza, akaisogeza mbali na ukuta.

"Lalia upande huu, papa," alisema. "Kule maji inapita."

Akavuka kizingiti. Polisi akafunga mlango, nikasikia nyayo zao zikienda, za Guylain mbele, za wanawake wawili nyuma, na watu wakiwapisha. Nilivua viatu, nikalala pale alipokuwa amelala yeye, nikaanza siku ya kwanza kati ya kumi na tisa.